Kufufua Reli za Zamani na Kupanua Treni za Mijini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila bajeti ya Wizara ya Uchukuzi inaposomwa Dodoma, na kila Nairobi inapotangaziwa treni mpya, maswali yale yale hurudi. Safari hii ni kweli? Nyumba yangu itabaki? Nauli itakuwa shilingi ngapi? Hapa nimekusanya yale ninayokutana nayo zaidi. Mengi ni ya Tanzania. Kenya inaingia pale ambapo jirani ametangulia, au amekwama mahali ambapo na sisi tunaelekea.

Njia iliyolala miaka 20 inaweza kweli kupitisha treni?

Inaweza, mradi tuta lipo. Watu wakiona nyasi zimefunika reli hudhani kazi kubwa ni kubadilisha vyuma. Vyuma ni sehemu rahisi. Gharama iko chini yake: tuta la udongo, makalavati, madaraja. Njia ya Tanga Wajerumani walianza kuijenga 1893, ikafika Korogwe 1902, Mombo 1905 na Moshi 1911. Waingereza wakaisogeza hadi Arusha 1929. Waliochimba na kujaza kifusi wakati ule walimaliza kazi ambayo leo ingemeza sehemu kubwa ya fedha zote.

Kinachoua tuta ni maji. Kalavati moja likiziba, mvua inatafuta njia yake, na asubuhi unakuta reli zinaning'inia hewani na mataruma yake (vipande vinavyolaliwa na reli) kama ngazi. Ndiyo maana kikosi cha kwanza kwenda porini hakibebi reli, kinabeba mapanga, sululu na daftari: kufyeka, kuzibua, kuhesabu mataruma yaliyooza au kuibwa, kupima reli zimelika kiasi gani. Baada ya hapo zinakuja kokoto, mataruma mapya na kiberenge cha ukaguzi. Mwisho kabisa kinapita kichwa cha treni kwa mwendo wa kunyata.

Hali ni tofauti kabisa pale reli zilipong'olewa au mji ulipojengwa juu yake. Hapo neno "kufufua" linatumika kwa heshima tu. Kinachofanyika ni ujenzi mpya.

Kwa nini zilikufa? Si zilikuwa zinafanya kazi vizuri?

Zilikuwa zinafanya kazi ndani ya mtandao mmoja, na mtandao ukakatwa. Njia ya Moshi na Arusha ilikuwa na midomo miwili: Tanga, na Mombasa kupitia Voi na Kahe, kipande ambacho Waingereza walikijenga wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi 1983, na Shirika la Reli la Afrika Mashariki likagawanywa, kila nchi na vichwa vyake na karakana zake. Mdomo wa Mombasa ukazibwa. Kule Tanga, mkonge uliokuwa ukijaza mabehewa ukaporomoka. Kilichobaki ni kile kipande cha Ruvu hadi Mruazi, karibu na Korogwe, kilichounganisha njia ya Tanga na Reli ya Kati mwaka 1963.

Kisha malori. Lori linapakia dukani na kushusha dukani. Treni inataka ubebe mzigo mara tatu. Reli ikiwa na uhakika wa siku ya kufika, mfanyabiashara atavumilia. Ikikosa uhakika, hata nauli ndogo haimrudishi.

Ukodishaji nao ulijaribiwa. Tanzania ilikabidhi asilimia 51 ya TRL, kampuni ya reli ya nchi wakati ule, kwa kampuni ya RITES ya India mwaka 2007, na miaka michache baadaye serikali ikazirudisha hisa zile. Kenya na Uganda zilikodisha njia zao kwa Rift Valley Railways kuanzia 2006. Mkataba ukavunjwa 2017. Pande zote mbili mabehewa na vichwa vilivyohitajika havikupatikana kwa idadi iliyohitajika.

Ya Arusha ilirudije basi?

Kwa mafundi wa ndani, vifaa vya hapa na pale, na uamuzi wa kutosubiri mkopo mkubwa. TRC, Shirika la Reli Tanzania, ilianza Tanga kwenda Moshi. Julai 2019 treni ya mizigo ilipokelewa Moshi, Desemba mwaka huo treni ya abiria ikatoka Dar es Salaam hadi Moshi, na 2020 ikafika Arusha. Watu walisimama kando ya njia kuishangaa, wengine wakiwa na watoto ambao hawajawahi kuona treni.

Kenya ilifanya jambo la aina hiyo kwa njia ya Nanyuki mwaka 2020, na baadaye njia ya Nakuru hadi Kisumu, kilomita 217, ambako treni ya abiria ilirejea Desemba 2021. Wao walitumia vijana wa NYS (huduma ya vijana kwa taifa) na wanajeshi badala ya mkandarasi. Ni nafuu na ni haraka. Lakini ufufuaji wa namna hii unairudisha njia kwenye hali ya zamani, hauifanyi njia mpya. Kona ni zile zile, mzigo kwa ekseli ni ule ule, mwendo ni ule ule. Anayetarajia kufika Arusha haraka kuliko basi atakata tamaa. Anayetaka kulala safarini, au kusafirisha mizigo mizito kwa bei nafuu, amepata anachokitaka.

Mbona wasijenge SGR, reli mpya ya kisasa, kila mahali, tukaachana na hizi za mkoloni?

Angalia bei. Mkataba wa SGR Dar es Salaam hadi Morogoro, kilomita 300 ukihesabu na njia za kupishania, ulikuwa wa dola bilioni 1.2 za Marekani. Morogoro hadi Makutupora, kilomita 422 kwa hesabu hiyo hiyo, dola bilioni 1.9. Yaani zaidi ya dola milioni 4 kwa kila kilomita. Upande wa pili, mradi wa kukarabati reli ya zamani kutoka Dar es Salaam hadi Isaka, kilomita 970, Benki ya Dunia iliukopesha dola milioni 300 mwaka 2014, na ndani ya fedha hizo mlikuwa na vichwa vya treni na mabehewa pia. Reli nyepesi zikatolewa, zikalazwa nzito zaidi, za ratili 80 kwa yadi.

SGR ya Tanzania ni ya umeme, inakimbia kilomita 160 kwa saa, na tangu Juni 2024 ilipoanza kubeba abiria hadi Morogoro, na mwezi uliofuata hadi Dodoma, imebadilisha jinsi watu wanavyopanga siku zao. Sina ugomvi nayo. Lakini njia yenye mzigo wa treni mbili kwa wiki haiwezi kulipa mkopo wa namna ile. Njia kama hiyo ipewe kokoto, mataruma na mkuu wa stesheni anayepokea simu.

Kitu kingine: mabehewa hayabadilishani. Reli ya zamani ya TRC ina upana wa milimita 1,000, SGR 1,435, na TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, 1,067. Nchi moja, vipimo vitatu. Kila vinapokutana, mzigo unashushwa na kupakiwa upya, kama inavyofanyika Kidatu kati ya TAZARA na TRC.

Nani anaamua njia ipi ifufuliwe?

Wizara hutoa sera, TRC hupendekeza na kutekeleza, Hazina hutafuta fedha, Bunge hupitisha. Katikati kuna upembuzi yakinifu, usanifu wa kina, tathmini ya mazingira na zabuni. LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, ndiyo inayosimamia usalama na kuidhinisha nauli.

Hapo ndipo msomaji wa magazeti anapochanganywa. "Serikali ina mpango" yaweza kumaanisha waziri ametamka mkutanoni. Yaweza kumaanisha mshauri mwelekezi analipwa kufanya upembuzi. Yaweza kumaanisha mkandarasi yuko kazini. Mimi naangalia mambo matatu: je, kuna kifungu chenye fedha za maendeleo katika kitabu cha bajeti cha mwaka huu? Je, wathamini wamepita? Je, kuna vichwa vya treni vilivyotengwa kwa njia hiyo? La tatu ndilo linalosahaulika. Njia imefunguliwa mara nyingi kwa kichwa kilichoazimwa kutoka njia nyingine, na kikiharibika kule kilikotoka, kinarudishwa.

Nyumba yangu imewekwa alama ya X. Nina haki gani?

Swali hili ndilo linaloniletea ujumbe mwingi kuliko yote, na jibu linategemea uko wapi kwa kipimo.

Ukiwa nje ya hifadhi ya reli (ardhi ya shirika kando ya njia) na ardhi yako inatwaliwa kwa ajili ya mradi, una haki ya fidia kamili: thamani ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya miezi 36, na upotevu wa faida kama ulikuwa na biashara. Fidia ikicheleweshwa zaidi ya miezi 6 baada ya uthamini kuidhinishwa, riba inaanza kuhesabiwa. Ikipita miaka 2, uthamini umekwisha muda wake, wanatakiwa kuja upya. Tunza nakala ya fomu uliyosaini na picha za nyumba, mti hadi choo, zenye tarehe. Usisaini fomu yenye nafasi tupu, hata kama mtendaji wa mtaa ana haraka.

Ukiwa ndani ya hifadhi, shirika litakuita mvamizi, na bomoabomoa za 2017 na 2018 kando ya Reli ya Kati zilifanyika kwa msimamo huo. Ugumu ni kwamba wengi waliouziwa viwanja ndani ya hifadhi waliuziwa mbele ya viongozi wa mtaa, wakapewa mita ya umeme, wakalipa kodi ya jengo. Serikali ile ile iliyowapokea kwa mkono mmoja ndiyo iliyochora X kwa mkono mwingine. Mahakamani hoja hiyo si nyepesi kushinda, lakini mwenye hati, au aliyekuwepo kabla mipaka ya hifadhi haijapimwa upya, asikubali kuambiwa hana neno. Atafute mpimaji aliyesajiliwa apime umbali kutoka katikati ya reli, kisha ndipo aende kwa mwanasheria.

Kuna njia nyingine ya kulifanya jambo hili, na Nairobi iliijaribu. Kibera na Mukuru, vibanda vilikuwa vimeisogelea reli kiasi kwamba treni ilipita kati ya meza za nyanya. Kenya Railways, kwa fedha za Benki ya Dunia, iliandikisha waliokuwa ndani ya hifadhi, wapangaji na wenye vibanda pia, ikajenga nyumba na maduka madogo pembeni, na ukuta wa kutenga njia. Ilichukua miaka mingi na malalamiko hayakukosekana. Hata hivyo watu walihamia hatua chache kutoka walipokuwa, karibu na kazi zao. Wanaopanga treni za Dar es Salaam wangefanya vema kwenda kuangalia.

Treni ya mjini Dar es Salaam, maarufu treni ya Mwakyembe, mbona inapita asubuhi na jioni tu?

Ilianza Oktoba 2012, Dk. Harrison Mwakyembe akiwa Waziri wa Uchukuzi, na jina lake likabaki midomoni mwa abiria. Upande wa TRL ilitoka Stesheni hadi Ubungo Maziwa, upande wa TAZARA hadi Mwakanga. Baadaye, 2016, ikaongezwa ya Pugu. Kwa mji uliokuwa bado haujaona mwendokasi (mabasi yale yalianza Mei 2016), ilikuwa nafuu kubwa.

Sasa, kwa nini haipiti mchana. Kwanza, njia ni moja. Treni ya abiria, treni ya mizigo kutoka bandarini na treni ya bara zote zinagombea reli ile ile, na mizigo ndiyo inayolipa mishahara. Pili, vichwa ni vichache. Kinachovuta abiria asubuhi kina kazi nyingine mchana. Tatu, mabehewa ni yale ya safari ndefu yaliyofanyiwa matengenezo. Behewa la kwenda Kigoma lina milango miwili mwishoni na ngazi za kupanda. Halikukusudiwa kupokea mamia ya watu katika dakika moja pale Buguruni. Treni inasimama muda mrefu, ratiba inateleza, na safari ambazo zingeongezwa zinakosa nafasi.

Ukitaka treni ya mjini inayopita kila dakika 15, unahitaji njia mbili, ishara za kisasa, majukwaa ya usawa wa mlango, na treni zinazoweza kugeuza safari bila kuzungusha kichwa. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachoonekana vizuri kwenye picha ya uzinduzi.

Treni za umeme za SGR haziwezi kufanya kazi hiyo?

Kiufundi, ile iliyopachikwa jina la Mchongoko, iliyoanza kazi Novemba 2024, ndiyo aina inayofaa: haina kichwa cha kuzungusha na inachukua kasi haraka. Lakini SGR ndani ya jiji ina stesheni mbili tu, Dar es Salaam na Pugu. Ilichorwa kutoka mjini haraka, si kuokota abiria wa Vingunguti. Ingehitaji vituo vipya, na kila kituo kinapunguza nafasi ya treni za Dodoma. Jiji la watu milioni 5.38, kwa sensa ya 2022, linastahili njia yake yenyewe. Reli ya zamani kati ya Stesheni na Pugu, ikipandishwa hadhi, ndiyo ingekuwa mahali pa kuanzia, kwa kuwa ardhi tayari ni ya shirika.

Nairobi wametupita?

Kwa majengo, ndiyo. Stesheni ya Syokimau ilifunguliwa Novemba 2012, zikafuata nyingine, na mwaka 2020 wakaleta treni 11 za dizeli zilizotumika Uhispania, zenye injini ndani yake, bila kichwa cha kuzivuta. Nazisifu kwa jambo moja: milango mingi.

Tatizo lao ni lile la kwetu. Reli ilifika Nairobi 1899 kabla mji haujawepo, kwa hiyo viwanda ndivyo vilivyoifuata, na mitaa ya makazi ikaja kukaa mbali. Abiria anashuka stesheni kisha anahitaji matatu nyingine kufika nyumbani. Akishalipa mara mbili, mara ya tatu anapanda matatu moja kwa moja kutoka mjini. Dar es Salaam tuna bahati kidogo: Ubungo reli na mwendokasi vinakaribiana, na Gongo la Mboto reli inapita penye watu. Kinachokosekana ni mtu mmoja wa kuzifanya ratiba zisalimiane, na tiketi moja ya vyote.

Nauli inapangwaje, na hasara analipa nani?

LATRA huidhinisha. Kwa SGR daraja la kawaida ilipanga shilingi 13,000 Dar es Salaam hadi Morogoro na 31,000 hadi Dodoma. Treni ya mjini inashindana na daladala, kwa hiyo haiwezi kupanda sana bila kupoteza watu wake.

Miji mingi duniani nauli hailipi gharama zote za treni za mjini. Tofauti inajazwa na halmashauri au serikali kuu, kwa mkataba unaosema treni ngapi zitapita na kwa saa zipi. Kwetu tuna tozo ya maendeleo ya reli, iliyoanza 2015 kwa asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa nyingi zinazoingizwa nchini; Kenya ilianza ya kwao 2013. Tozo hizi zilikusudiwa kujenga. Dizeli ya Jumanne asubuhi, vipuri, mshahara wa mlinzi wa makutano ya barabara na reli: hivyo vinatoka mfukoni mwa shirika, na shirika likibanwa, safari ya kwanza kufutwa ni ile ya abiria wa shilingi mia chache. Mbunge wako akisimama kuomba treni, mwombe pia aulize nani atalipia mwaka wa tatu.

Mafuriko je?

Bonde la Mkondoa, kati ya Kilosa na Gulwe, ndilo kidonda. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 maji yalisomba njia na treni zikasimama kwa miezi. Limerudia mara nyingine. Wajapani kupitia JICA, shirika lao la misaada ya maendeleo, walilifanyia utafiti bonde lote. Mto umebadilika kwa sababu ya mchanga unaoshuka kutoka milimani kulikolimwa. Ukikarabati reli bila kugusa mto, utarudi tena.

TAZARA inafufuliwa pia?

Ndiyo. Kilomita 1,860, iliyojengwa kwa msaada wa China kuanzia 1970. Septemba 2024 Tanzania, Zambia na China zilitiliana saini hati ya makubaliano huko Beijing. Lengo kubwa ni shaba, abiria wa mjini ni jambo la pembeni.

Na ya Mtwara hadi Nachingwea?

Hiyo haipo. Ilijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza, mradi ukafa mapema miaka ya 1950, na reli ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, vyuma vikang'olewa. Kinachozungumzwa sasa ni SGR mpya ya Mtwara hadi Mbamba Bay, yenye matawi ya Liganga na Mchuchuma. Itategemea chuma na makaa ya mawe kuchimbwa kweli.

Treni imerudi kwenye njia yetu, lakini haisimami stesheni yetu. Tufanyeje?

Treni kusimama kunahitaji mtumishi, jukwaa linalofaa, na mara nyingi njia ya kupishania iliyo salama. Stesheni nyingi ndogo za njia ya Tanga zilifungwa, nyingine majengo yamebaki bila milango. Shirika likihesabu abiria watatu kwa siku, halitafungua.

Wekeni hesabu yenu mezani. Serikali ya kijiji iandike ni magunia mangapi ya mahindi, matenga mangapi ya machungwa au nyanya yanayotoka kila msimu, yanakwenda soko gani, na lori linatoza kiasi gani. Ongezeni siku za mnada. Kusimama siku mbili kwa wiki ni ombi linalokubalika kirahisi kuliko kila siku. Barua iende TRC, nakala LATRA na kwa mbunge, na ifike kabla wizara hazijaanza kuandaa makadirio yao mwanzoni mwa mwaka.